Mtambo Uliooshwa kwa Ajili ya Wageni

Gesi ilikatika mikate ikiwa haijaiva. Mama Mkate alifungua mlango wa oveni akakuta madonge yamekaa kwenye bati, meupe pee, hayana hata dalili ya kubadilika rangi. Akawasha kiberiti, akafungua koki. Kimya. Akawasha cha pili, akainama mpaka nusura aunguze nywele, akatega sikio kwenye bomba. Kimya vilevile.

"Baba Watoto!" akaita. "Njoo huku, mtambo umegoma!"

Mumewe, fundi baiskeli, alikuwa mbele ya nyumba anaziba pancha. Akaja akijifuta mikono kwenye suruali, akapitiliza hadi uani kwenye mtambo. Siku zote ule mfuko wa juu unaohifadhi gesi ulikuwa umetuna kama shavu la mpiga tarumbeta. Leo ulikuwa umelala chali. Fundi akaubonyeza kwa kidole; kidole kikazama na hakuna kilichokisukuma kurudi.

"Umekufa," akasema.

"Usiseme umekufa! Sema umelala."

"Basi umelala usingizi wa milele. Na wageni ni keshokutwa."

Mama Mkate akajiachia juu ya ndoo iliyopinduliwa. Wageni wenyewe hawakuwa watu wa kuja kunywa chai na kuaga. Mtambo ule ulikuwa wa ubia wa pande tatu: chuo kikuu kilitoa akili, kampuni ikatoa mapipa na mabomba, na serikali ya mkoa, kama ilivyo ada yake, ikatoa taka. Maganda na mboga zilizooza zilitoka sokoni, zikasagwa, zikachanganywa na maji, zikawa kitu ambacho familia ilikiita uji. Uji ukachacha kwenye pipa kubwa, ukatoa gesi, na gesi ikapita bombani hadi kwenye oveni. Tangu siku hiyo Mama Mkate hakugusa tena mkaa. Macho yake yaliacha kuwa mekundu, kifua kikaacha kumkereketa asubuhi, na hata mkate wake ukaacha kunuka moshi.

Lakini mtambo haukuwa wake bado. Ulikuwa wa majaribio. Wageni wakija wakaridhika, unabaki kuwa mali yake, na kampuni inajenga mkubwa pale sokoni wa kupeleka gesi mtaa mzima. Wasiporidhika, lori linakuja kuung'oa na mradi unahamia mkoa mwingine. Meneja wa kampuni alimwambia hayo usoni, bila kupepesa macho. Mitambo mingine ya majaribio, kwenye nyumba za mitaa ya jirani, ilishakufa yote na hakuna aliyejua sababu. Wa kwake ndio uliokuwa umebaki unapumua.

"Juzi ulikuwa mzima," Fundi akasema. "Umeulisha nini?"

"Kama kawaida."

"Mama Watoto. Nitazame."

Hakumtazama. Alitazama vidole vyake vya miguu. "Nimeuosha," akasema.

"Umeuosha wapi?"

"Ndani."

Mkosaji wa kwanza, tukisema kweli, alikuwa Bwana Itifaki, kijana wa ofisi ya mkoa ambaye kazi yake ilikuwa kutangulia kila wakubwa wanapokwenda. Alikuja juzi asubuhi na viatu vinavyong'aa, leso puani, akauliza, "Mama, ndipo hapa wakubwa watakaposimama? Kwenye harufu hii?" Mama Mkate akamjibu kwamba taka hazinuki marashi. "Najua, mama. Lakini fanya usafi. Usafi wa kweli kweli." Upande wa pili wa ua alikuwa amesimama jirani yao, mwanamke ambaye mtaa ulimbatiza Redio, na hakuna aliyewahi kuona betri zake zikiisha. Kabla ya jua kutua, mtaa mzima ulikuwa na habari kwamba hata serikali imeziba pua kwenye nyumba ya Mkate wa Choo. Jina hilo la Mkate wa Choo lilikuwa kazi ya Redio pia.

Likamchoma. Mtu anaweza kuvumilia moshi, anaweza kuvumilia jua, lakini kutukanwa kwa kitu anachokipika kwa mikono yake mwenyewe! Mama Mkate akatoka kimyakimya, akanunua dawa ya kuulia vijidudu, ile kali ya hospitali, akaimimina galoni nzima kwenye mdomo wa mtambo. Juu yake akaongeza sabuni ya unga na maji ya moto. Akakoroga mpaka mabega yakauma.

"Nilitaka wasitucheke," akasema sasa.

Fundi akautazama mtambo, akamtazama mkewe. Kisha, Mungu amsamehe, akaanza kucheka. Alijaribu kujizuia, akageukia ukuta, mabega yakitikisika. "Galoni nzima? Na sabuni ya unga? Hukuupaka na mafuta?"

"Unacheka nini, wewe mwanamume?" Lakini naye kicheko kikamponyoka, wakacheka wote wawili kama watu waliopagawa, mpaka chake kikageuka kilio. Mumewe akachuchumaa mbele yake, akaacha kucheka.

Mamake Fundi, waliyemwita Bibi nyumba nzima, alikuwa mlangoni anachambua maharage na amesikia kila neno. "Mwiteni Daktari," akasema.

Daktari alikuwa mhadhiri wa chuo aliyeubuni mtambo, binti mwembamba mwenye udaktari wa taka, si wa watu. Siku ya kwanza alipotambulishwa, Bibi alimvutia kiti na kumfunulia goti linalomsumbua, na binti wa watu, kwa heshima, alilikanda hadi mwisho ndipo akasema hajui chochote kuhusu magoti. Tangu hapo Bibi alimpenda kama mjukuu wake.

"Tukimwita leo, Mama, lori linakuja kesho," Fundi akasema. "Hebu niachieni mimi. Kaka ana mitungi ya gesi pale mgahawani kwake. Naleta mmoja, nauficha kabatini chini ya sinki, nauunga kwenye bomba hili hili. Wageni wanaona moto, wanakula mkate, wanakwenda zao. Baada ya hapo tunautibu mtambo taratibu."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," Bibi akasema.

"Haya ni maradhi ya kuficha asubuhi moja tu."

Wote wawili wakamgeukia Mama Mkate. Akapangusa pua kwa upindo wa kanga. Aliwaza magunia ya mkaa yaliyowahi kusimama pale pale alipokaa.

"Lete mtungi," akasema.

* * *

Kazi ya Fundi, tumpe haki yake, ilikuwa safi. Mpira aliupitisha nyuma ya kabati usionekane. Moto wa kwanza uliruka mpana na wa njano, ukalamba bati na kuliachia masizi, Bibi akarudi nyuma anaita jina la Mungu. Fundi akaubana kwa vali ya baiskeli, akaugeuza kidogo hivi, kidogo hivi, mpaka ukatulia ukafanana na moto wa watu waaminifu.

Ukabaki ule mfuko wa uani, uliolala chali. Fundi aliuzunguka mara mbili mikono kiunoni. Kisha akafunga koki ya bomba, akaenda kuleta pampu yake ya baiskeli.

"Wewe!" Mama Mkate akashangaa. "Utaujaza upepo?"

"Tairi ni tairi tu," akasema, akaanza kupampu. Alipampu hadi fulana ikalowa chapachapa. Mfuko ukainuka taratibu, ukatuna, ukapendeza kuliko siku zote ulipokuwa na gesi.

Mama Mkate aliutazama akacheka, kisha akaingia ndani asiendelee kuutazama.

* * *

Wageni walifika asubuhi na magari mawili. Mbele alikuwa Afisa wa mkoa, mzee wa miwani anayesikiliza zaidi kuliko anavyosema. Nyuma yake Meneja wa kampuni, simu mbili mkononi. Kisha Daktari na mkoba wake uliojaa vipimo, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Bwana Itifaki alikuwa ameshapanga viti. Akavuta pumzi ndefu. Ua mzima ulinuka kama wodi.

"Sasa hapa ni mahali pa binadamu," akasema.

Majirani walijaa kwenye ua, Redio mstari wa mbele. Jikoni, mlango ukiwa wazi uani watu waone, Mama Mkate alifungua koki, akawasha kiberiti. Pu! Moto ukashika. Watu wakapiga makofi, Redio akapiga vigelegele kwa nguvu kuliko wote maana yeye hapendi kupitwa na jambo. Bati likaingia. Baada ya muda harufu ya mkate ikatoka ikawafuata watu kwenye viti vyao, na Meneja, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akicheka, akala kipande, akaomba kingine, akasema huku anatafuna, "Hii ndiyo biashara!"

Daktari peke yake alikuwa ameinama kwenye oveni. "Mama, mbona moto leo una unjano?"

Fundi akadakia, "Ni chakula chake, Daktari. Wiki hii karoti zilikuwa nyingi."

Daktari akamtazama, akatazama moto. Akafumbua mdomo kusema kitu, lakini Meneja alishamwita.

"Daktari, kabla sijatia saini. Huu umewaka. Mingine yote imekufa. Bodi itaniuliza kwa nini. Niwajibu nini?"

Binti akanyooka taratibu. "Sijui," akasema mbele ya watu wote. "Nimepima uji, nimepima joto, nimefungua pipa moja moja. Sijui. Kosa litakuwa langu, la mchanganyiko wangu. Kama bodi inataka mtu wa kulaumu, niandikeni mimi, mumpe mradi mtu mwingine. Mtambo usiachwe tu."

Afisa akavua miwani, akaisugua. Meneja akasema, "Sawa. Basi wa sokoni tutaujenga kwa kufuata huu wa hapa, kitu kwa kitu. Wiki ijayo tunaanza kuchimba." Watu wakashangilia tena. Mtu akampiga Fundi mgongoni. Kila alichokitaka Mama Mkate kilikuwa kimefika mezani, kimepakuliwa, kinamsubiri anawe mikono.

Akashindwa kula. Aliona soko zima likichimbwa kwa kufuata moto wa mtungi wa shemeji yake. Aliona wauza chakula wakitupa majiko yao ya mkaa, halafu siku moja wanafungua koki, kimya. Na alimwona binti huyu aliyemkanda goti mama mkwe wake, amesimama anabeba lawama ambayo si yake, na hata hajui hivyo. Hapana, akasema moyoni. Hapana, hapana.

"Baba Watoto," akasema. "Zima."

"Nizime nini?" Fundi akauliza, ingawa rangi ilikuwa imeshamtoka.

"Mtungi."

Mama Mkate akafungua kabati mwenyewe, akauvuta mtungi hadharani, akafunga. Moto ukapungua, ukazimika. "Huu moto ni wa dukani," akasema. "Na mfuko ule tumeujaza upepo kwa pampu ya baiskeli. Mtambo nimeuua mimi kwa mikono yangu. Daktari hana kosa. Mume wangu naye hana kosa, alikuwa ananisitiri."

"Weee!" Redio akasema, mkono mdomoni.

Meneja aliweka chini mkate kana kwamba umemuuma. "Ndiyo, leteni lori," akasema kwenye simu. Bwana Itifaki akasema, "Mama, umetuaibisha sana." Kwenye ua mtu akacheka, mwingine akasema "Mkate wa Choo" kwa sauti ya kutosha kusikika. Masikio ya Mama Mkate yakawaka moto. Alitamani ardhi ipasuke. Lakini alibaki amesimama, mtungi miguuni.

"Umeuua kwa nini?" Daktari akauliza.

"Kwa dawa. Ile ya hospitali. Galoni nzima, na sabuni."

"Hapana, mama. Nauliza kwa nini. Kwa sababu gani uliuosha?"

"Si wageni mlikuwa mnakuja?"

Daktari aligeuka akautazama mtambo. Kisha akashika kichwa kwa mikono miwili. "Subirini," akasema. "Subirini, subirini! Mtu yeyote asiondoke!" Akachomoa simu, akampigia mshona nguo wa mtaa wa pili, aliyekuwa na mtambo wa kwanza kufa, akaweka sauti kubwa.

"Baba, ule mtambo kabla haujafa, mliufanya nini?"

"Hatukuufanya kitu, Daktari."

"Niambie tu kweli, baba. Sikasiriki, naapa."

Cherehani ikasikika ikisimama. "Tuliusafisha kidogo. Tuliambiwa wakubwa wanakuja."

Akampigia muuza maziwa. Muuza maziwa akajigamba kwamba wa kwake aliutia sabuni na maji ya moto hadi ukang'aa kama debe jipya. Akampigia wa tatu, na kabla hajamaliza swali, sauti ikasema, "Lo! Mke wangu alikwambia? Tulikula kiapo!" Hapo watu kwenye ua wakaanza kuangua kicheko. Kila simu kicheko kikazidi, mtu anasema dawa ya choo, mwingine anasema ndimu na magadi, na Daktari anarukaruka kama mtoto aliyeambiwa shule zimefungwa.

"Ni wadudu!" akapiga kelele. "Mle ndani mna vijidudu hai, ndio wanaotengeneza gesi! Wanakula, wanapumua! Sikuwakataza kuwaosha kwa sababu, jamani, nani aoshe tumbo la ng'ombe na ng'ombe bado anakula?" Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. Akamrukia Mama Mkate, akamkumbatia, unga na yote. "Mama, mitambo yangu haina kosa! Haina kosa hata moja!"

Afisa wa mkoa akavaa miwani. "Ngoja nielewe," akasema polepole. "Mitambo yote hii imeuawa na ziara zetu?"

Macho yote yakageuka kwa Bwana Itifaki. Leso yake ikarudi mfukoni.

"Mimi nilisema usafi tu," akasema.

"Kuanzia leo hatutaagiza usafi," Afisa akasema. "Na hatutatoa taarifa tunapokuja. Tukikuta kunanuka, tutajua kazi inafanyika."

Meneja hakucheka. Alimwendea Mama Mkate akasimama mbele yake. "Nusura nijenge soko zima juu ya uongo wako."

"Ndiyo maana nimezima."

Meneja akabonyeza namba. "Lori lisubiri," akasema kwenye simu. Kisha kwake, "Mwezi ukiisha nakuja nalo mwenyewe. Ukiwaka kwa taka, nasaini. Usipowaka, naung'oa. Pampu sitaki kuiona."

* * *

Walikausha pipa, wakalisuuza kwa maji matupu. Chuo kilituma mapipa ya kinyesi kibichi cha ng'ombe kutoka shamba lake, chenye vijidudu vyake hai, na serikali ikatoa gari la kuyabeba, safari hii si taka tupu. Mtaa ulitoka kuangalia, na kwa kuwa kuangalia tu kunachosha, ukaishia kubeba ndoo. Mama Mkate aliulisha mtambo kidogokidogo kama mtu anayemlisha mgonjwa uji kwa kijiko. Kwa siku zile alirudi kwenye mkaa, akakohoa, akalia kwa moshi, na kila asubuhi, hata kabla ya kunawa uso, alikwenda kuubonyeza mfuko kwa kidole.

Siku moja kidole kikasukumwa kurudi. Alipiga yowe, Fundi akatoka na spana akidhani ni mwizi.

Lakini mfuko uliinuka nusu tu, ukagoma hapo. Na nusu ilikuwa bado nusu asubuhi lori liliposimama mlangoni, injini inanguruma, na Meneja akashuka bila salamu nyingi. Daktari alikuwa ameshafika, anauma kucha. Ua ulikuwa haujafagiwa, maganda yamelala mahali pake, na harufu ilikuwa imejaa tele.

"Nusu," Meneja akasema.

"Nusu ya kweli," Bibi akamjibu kutoka mlangoni.

Wakaingia jikoni. Mama Mkate alifungua kabati la chini ya sinki wazi kabisa, watu waone lilivyo tupu. Akawasha kiberiti. Alishaaibika mara moja hadharani na hakufa. Akafungua koki. Kimya. Akasikia Daktari akishusha pumzi nyuma yake. Kiberiti kikamla kidole, akakitupa, akawasha kingine, akainama.

Pu.

Ulikuwa moto mdogo, wa bluu, ukatambaa tundu moja hadi jingine, ukazunguka wote, ukasimama. Ukaendelea kusimama. Ndipo Fundi alipomnyanyua mkewe juu mbele ya Meneja, mbele ya mamake mzazi, bila aibu, akamzungusha jikoni humo mwembamba mpaka bati likaanguka chini. Bibi alikuwa analia. Daktari alikuwa anapiga picha za moto, picha zikitoka zimetikisika zote, na Mama Mkate alikuwa anapiga kelele, "Umewaka! Umewaka kwa maganda! Jamani, umewaka!" Hakuwahi kufurahi hivyo tangu azaliwe, na hakujali nani anasikia.

Meneja alitoka nje. Lori likasikika likirudi nyuma, likageuza, likaondoka. Aliporudi alikuwa na kalamu mkononi. "Nisaini wapi?" akamuuliza Daktari.

Kelele hizo zilimleta Redio mbio, ushungi begani. Alisimama mlangoni, akatazama moto, akamtazama Mama Mkate, akatazama moto tena. Watu wakasubiri atangaze. Hakutangaza. Alisogea karibu, akainamisha kichwa, macho yake yenyewe mekundu kwa moshi wa jiko lake, akasema kwa sauti ya chini ambayo mtaa haukuwahi kuisikia kwake:

"Shoga. Na mimi nikiutaka huo, naanzia wapi?"

Mama Mkate alikuwa na maneno mengi ya kumjibu, tena ya moto, aliyoyaweka akiba kwa muda mrefu. Akayaacha hukohuko. Akaokota bati, akalipangusa, akalipanga madonge, akampa Redio ashike upande mmoja.

"Anza kwa kuzoea kunuka," akasema, wakaliingiza kwenye oveni pamoja.